Bandi Kabla ya Mshono

Saa saba usiku, Makongo Juu.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne umeganda.
Mshale umegeuka duara, duara linazunguka
kama mtu anayetafuta funguo alizozishika mkononi.
Sina la kufanya. Nahesabu:
sura nne, tanbihi mia tatu na sita,
jedwali moja linaloruka ukurasa kila nikikohoa,
na miaka mitano ya kuwarekodi mafundi cherehani wa Kariakoo
wakivitukana vitambaa kwa ustadi.

Faili linaitwa "tasnifu_mwisho".
Lina ndugu zake: "mwisho_2", "mwisho_kweli",
"mwisho_wallahi".

Hii programu ya bluu aliniwekea Shemsa wa stesheneri, Mwenge,
kwa elfu tano, bila leseni, bila risiti.
Haijui Kiswahili.
Kila neno langu imelipigia mstari mwekundu,
hata "chumvi", hata "maji".
Nikiandika "na", inaigeuza kinyumenyume,
inadhani kidole kimeteleza.
Kurasa mia mbili na kumi na nne zinavuja damu
na mimi sijajikata popote.

Lusajo wa takwimu alinicheka kantini:
"Achana nayo. Njoo kwetu, kwenye mikwaju na mabano.
Unaandika amri, unaipika, ukurasa unatoka umenyooka."
Nikajaribu, Jumapili nzima.
Nilisahau kufunga bano moja tu,
sura ya pili yote ikalala upande
kama mlevi aliyekosa ukuta.

Eliakunda anayo ile ya kadi:
unatawanya mawazo, unayapanga, unayapangua.
Nzuri, sikatai. Inauzwa kwa dola,
na kadi yangu ya benki hujibu kwa adabu: jaribu tena.
Ile ya mawinguni inataka bando.
Bando liliisha Alhamisi katikati ya sentensi,
wingu likaondoka na nusu ya pili.

Na Dk. Rwechungura, msimamizi wangu,
hafungui kitu isipokuwa hiyo hiyo ya bluu.
Maoni yake hukaa pembeni, kwenye viputo:
Fafanua. Nani kasema? Lini?
Na kimoja, ukurasa wa themanini na nane:
Umeeleza neno. Je, umelielewa?

Duara bado linazunguka.
Nachukua simu, nasikiliza rekodi ya arobaini na moja,
Mtaa wa Mchikichi, cherehani nne zinabishana,
na Bi. Zamoyoni anamfokea mwanafunzi wake:
"Nani kakwambia uanze na mshono? Piga bandi kwanza!
Uzi mrefu, wa hovyo hovyo, umvishe mwenyewe, uone.
Bandi haioni haya kufumuliwa.
Wewe unatia nakshi kwenye gauni
ambalo hujui kama litapita kichwani!"

Nairudisha nyuma. Nasikiliza tena.
Bandi, nomino, ukurasa wa themanini na nane.
Niliipa fasili ya mistari sita, mifano miwili,
nikahangaika nusu saa na ukubwa wa herufi zake.

Nabonyeza kitufe cha kuzima, nashikilia,
nahesabu mpaka kumi. Giza. Kisha mwanga.
Ile ya bluu siigusi. Zamu yake itafika,
siku ya pindo na pasi, siku ya Daktari.
Nafungua kile kidaftari kilichokuja na kompyuta,
ambacho sijawahi kukifungua ila kwa bahati mbaya:
hakina rangi, hakina pambizo,
hakijui kuhesabu kurasa, hakijui kunisahihisha.

Nalipa faili jina: "bandi_1".
Sura ya tano, sentensi ya kwanza, mbovu, ndefu.
Majirani wamelala, jenereta la baa limezimwa.
Nikaandika "na".
Nikasubiri.
Ikabaki "na".